Je, Wajua? Uhalifu Hauna Mpaka, Askari Anao

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, vijana huanza kupekua orodha za kozi, na wapo wanaosita mbele ya jina refu: kriminolojia na usalama wa kimataifa. Wazazi nao huuliza, "Ukimaliza hapo si utakuwa polisi tu?" Kriminolojia ni elimu ya uhalifu: nani anautenda, kwa nini, nani anaumia, na nini kinaupunguza. Usalama wa kimataifa unatazama vita, ugaidi, silaha na namna nchi zinavyohusiana. Safu yetu leo imekusanya mambo ambayo ukiyapanga pamoja utaona kwamba anayesoma fani moja tu kati ya hizi mbili anaona nusu ya tukio. Haya, twende kazi.

FANI ZILIKOTOKEA

Je, wajua kwamba msingi wa kriminolojia uliwekwa na kijana wa miaka 26? Cesare Beccaria wa Milan alitoa kitabu chake kuhusu makosa na adhabu mwaka 1764, na mara ya kwanza hakuweka jina lake kwa kuwaogopa wakubwa. Alipinga mateso na adhabu ya kifo. Alisema kinachomzuia mtu kutenda kosa ni uhakika wa kukamatwa kuliko ukali wa adhabu. Tafiti nyingi za baadaye zimemuunga mkono, lakini wanasiasa wengi bado hukimbilia kuongeza miaka ya kifungo.

Je, wajua kwamba fani hii iliwahi kupotea njia? Mwaka 1876 daktari Mwitaliano, Cesare Lombroso, alidai kuna watu wanaozaliwa wahalifu, na kwamba taya, masikio na paji la uso huwaumbua. Mwaka 1913 daktari wa magereza Uingereza, Charles Goring, alitoa matokeo ya vipimo vya wafungwa wapatao 3,000 aliowalinganisha na watu wa kawaida. Hakuiona hiyo sura ya mhalifu. Mwanafunzi hufundishwa kisa hiki mapema, na umuhimu wake haujaisha: kila askari wa uwanja wa ndege anayemshuku msafiri kwa sababu ya kanzu, ndevu au kabila anarudia kosa la Lombroso.

Je, wajua kwamba hadi mwaka 1939 wasomi wengi waliamini wahalifu ni maskini? Mwaka huo Edwin Sutherland aliwaambia wanasosholojia wenzake wa Marekani kwamba wenye ofisi na tai nao wanaiba, tena kwa kiwango kikubwa. Kitabu chake kilipotoka mwaka 1949, wachapishaji walimtaka aondoe majina ya kampuni kwa kuogopa kushtakiwa. Toleo lenye majina hayo lilitoka mwaka 1983, miaka zaidi ya 30 baada ya kifo chake.

Je, wajua kwamba somo la siasa za kimataifa lilizaliwa msibani? Kiti cha kwanza cha uprofesa wa fani hiyo kiliwekwa Aberystwyth, Wales, mwaka 1919, kwa fedha za familia ya David Davies, kuwakumbuka wanafunzi waliouawa katika Vita Kuu ya Kwanza. Lengo lilikuwa kuelewa kwa nini mataifa hupigana, ili yasipigane tena.

Je, wajua fani hizi mbili zilianza kukaribiana lini? Hatua moja kubwa ilikuwa mwaka 1994. Ripoti ya Maendeleo ya Binadamu ya Umoja wa Mataifa, iliyoongozwa na mchumi wa Pakistan, Mahbub ul Haq, ilisema usalama wa nchi hautoshi kama raia hana usalama. Ikataja maeneo saba: uchumi, chakula, afya, mazingira, mtu binafsi, jamii na siasa. Tangu hapo mama anayeogopa kutembea usiku na taifa linaloogopa kuvamiwa wakaingia katika mjadala mmoja.

MWIZI NA SAA YAKE

Je, wajua kwamba mwizi anahitaji vitu vitatu tu? Mwaka 1979 Lawrence Cohen na Marcus Felson wa Marekani walieleza kwamba uhalifu hutokea vinapokutana mtu mwenye nia, kitu kinachofaa kuibwa, na ukosefu wa mlinzi. Ondoa kimoja, wizi unakwama. Nadharia hii inaeleza pikipiki iliyoachwa na ufunguo nje ya duka. Inaeleza pia kisa kinachofuata.

Je, wajua kwamba kalenda iliwahi kusaidia kuiba dola milioni 81? Alhamisi usiku, tarehe 4 Februari 2016, wadukuzi walituma maagizo 35 kutoka mfumo wa Benki Kuu ya Bangladesh kwenda New York, ambako benki hiyo ilikuwa na akaunti. Walitaka karibu dola milioni 951. Dhaka hawaendi kazini Ijumaa na Jumamosi. Walipoanza kushtuka, New York ilikuwa Jumapili. Jumatatu Manila, pesa zilikopelekwa, ilikuwa sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina. Nchi tatu zilipishana siku za mapumziko, na mlinzi akakosekana kwa siku nne mfululizo. Kisha pesa ziliingia kwenye kasino za Ufilipino, ambazo wakati ule hazikuwa chini ya sheria ya nchi hiyo ya kuzuia utakatishaji fedha.

Je, wajua kilichookoa dola milioni 20 nyingine? Kosa la tahajia. Agizo la kwenda Sri Lanka lilikosewa jina la shirika la kupokea: palipotakiwa neno la Kiingereza la "wakfu" pakaandikwa "Fandation". Ofisa wa benki iliyokuwa katikati akauliza, na malipo yakasimamishwa. Mwaka 2018 Marekani ilimfungulia mashtaka mdukuzi mmoja ikidai alifanya kazi kwa niaba ya Korea Kaskazini. Hapo mwanafunzi wa kriminolojia anaona wizi wa benki, na wa usalama wa kimataifa anaona nchi iliyowekewa vikwazo ikitafuta fedha. Wote wawili wako sahihi, na kesi haieleweki bila kuwakutanisha.

Je, wajua kwamba Falcone alikuwa anasoma hundi kuliko kusikiliza uvumi? Giovanni Falcone, jaji mpelelezi wa Palermo, alifuatilia mafia kwa risiti za benki na pesa za heroini zilizovuka bahari hadi Marekani. Kesi kubwa iliyotokana na kazi yake na wenzake, ya mwaka 1986 hadi 1987, ilikuwa na washtakiwa 475. Aliuawa kwa bomu tarehe 23 Mei 1992, na rafiki yake Paolo Borsellino akauawa Julai 19 mwaka huo huo. Mwaka 2000 mataifa yalikutana Palermo kufungua saini za mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya uhalifu wa kupangwa unaovuka mipaka. Mkataba huo umebeba jina la mji uliomzika Falcone.

USHAHIDI UNASAFIRI

Je, wajua kwamba mfumo wa alama za vidole uliotumiwa na polisi wa London ulitengenezwa Bengal? Azizul Haque na Hem Chandra Bose, maofisa wa polisi wa India, walifanya hesabu za kuzipanga alama hizo ili zitafutike kwa haraka. Ofisi ya alama za vidole ilifunguliwa Calcutta mwaka 1897, na London ikafuata mwaka 1901. Mfumo ukaitwa kwa jina la bosi wao Mwingereza, Edward Henry.

Je, wajua kwamba kipimo cha vinasaba kilianza kazi kwenye suala la uhamiaji? Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester aligundua njia hiyo mwaka 1984. Mwaka uliofuata ilitumika kuthibitisha kwamba mvulana kutoka familia ya Ghana, aliyezuiwa kuingia Uingereza, kweli alikuwa mtoto wa mama yake. Na katika kesi ya kwanza ya mauaji, kipimo kilianza kwa kumwokoa kijana wa miaka 17 aliyekuwa amekiri kosa asilolitenda. Mkosaji halisi alihukumiwa mwaka 1988.

Je, wajua kwamba gaidi aliwahi kunaswa kwa ajili ya dola 400? Baada ya bomu la kituo cha biashara cha New York la Februari 1993, wapelelezi waliokota kwenye kifusi kipande cha gari chenye namba ya utambulisho. Namba ikawapeleka kwenye duka la kukodisha magari huko New Jersey. Aliyelikodi alikuwa ameripoti kwamba gari limeibwa, na akawa anarudi kudai arubuni yake. Alikamatwa Machi 4.

BAHARI NA PORI LETU

Je, wajua kwamba maharamia waliwahi kuteka vifaru 33? Septemba 25, 2008, meli *Faina* ilitekwa ikielekea Mombasa ikiwa na vifaru aina ya T-72. Iliachiwa Februari 2009 baada ya kikombozi cha dola milioni 3.2. Nyaraka zilisema mzigo ni wa Kenya, lakini mjadala mkali ukazuka kama vifaru vilikuwa njiani kwenda Sudan Kusini. Meli moja ilibeba uharamia, biashara ya silaha na vita vya nchi jirani.

Je, wajua kwamba kumkamata haramia ni rahisi kuliko kumhukumu? Manowari za mataifa mengi zilikuwa na mizinga, ila hazikuwa na mahakama. Kenya ilikubali kuwapokea washukiwa, na mwaka 2010 ukumbi maalumu wa mahakama ulifunguliwa Shimo la Tewa, Mombasa, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Novemba mwaka huo Mahakama Kuu ikasema haina mamlaka juu ya makosa ya bahari kuu. Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi huo mwaka 2012. Ripoti ya Benki ya Dunia na washirika wake ya mwaka 2013 ilikadiria vikombozi vya Pembe ya Afrika kuwa kati ya dola milioni 339 na 413 tangu 2005, na waliokula kidogo kabisa walikuwa wale vijana wa kwenye mashua.

Je, wajua kwamba Aprili 2014 kilo 1,032 za heroini zilikamatwa kwenye jahazi moja karibu na Mombasa? Manowari ya Australia, *Darwin*, iliikuta imefichwa katikati ya mifuko ya saruji. Dawa za namna hii hutoka Afghanistan, hupakiwa pwani ya Iran na Pakistan, zikashuka kwa jahazi hadi kwetu. Mara nyingi manowari huteketeza mzigo na kuwaacha mabaharia waende zao, kwa sababu hakuna nchi iliyo tayari kuwafungulia kesi. Zinazopenya huishia kwenye mishipa ya vijana wa Tanga, Mombasa, Unguja na Dar es Salaam. Mwaka 2011 hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa mbadala ya heroini, kwa waathirika, hatua iliyokuwa ya mwanzo kabisa Tanzania Bara. Jahazi, mahakama na dirisha la dawa pale Muhimbili ni mlolongo mmoja, na anayeukata sehemu moja tu anaacha pengine pakivuja.

Je, wajua kwamba kinyesi cha tembo kimewafikisha watu mahakamani? Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, alichora ramani ya vinasaba vya tembo wa Afrika kwa kutumia vinyesi vilivyokusanywa porini, kisha akalinganisha na pembe zilizokamatwa bandarini. Mwaka 2015 yeye na wenzake walionyesha kwamba sehemu kubwa ya pembe za tembo wa savana zilitoka kusini mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Ilikuwa sauti ya kengele: hesabu ya tembo wa Tanzania ilikuwa imeshuka kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014.

Na je, wajua kwamba tembo ana pembe mbili, na hilo likawafichua majangili? Mwaka 2018 watafiti hao waligundua kwamba pembe mbili za tembo mmoja mara nyingi ziliwekwa kwenye makontena tofauti. Walipata jozi 26 za namna hiyo, na kila jozi iliunganisha shehena mbili zilizodhaniwa hazihusiani. Yakaonekana magenge makubwa matatu, yakitumia Mombasa, Entebbe na Lomé. Mshtakiwa wa kontena moja sasa angeweza kuhusishwa na makontena mengine.

SHERIA INAFIKA WAPI?

Je, wajua haya ya Interpol?

- Ilianzishwa Vienna mwaka 1923, na makao yake yako Lyon, Ufaransa, tangu 1989. Ina nchi wanachama 196.
- Haina askari wake wa kuingia nchini mwako kumkamata mtu. Pingu hufungwa na polisi wa nchi husika.
- "Notisi nyekundu" ni ombi kwa nchi wanachama zimtafute mtu. Haizilazimishi kumkamata.
- Ibara ya 3 ya katiba yake inaikataza kugusa masuala ya siasa, jeshi, dini au rangi.
- Ofisi yake ya kanda ya Afrika Mashariki iko Nairobi, na ndiyo sekretarieti ya umoja wa wakuu wa polisi wa kanda hii, EAPCCO, ulioundwa Kampala mwaka 1998.

Je, wajua kwamba wanasheria wawili walioipa dunia silaha dhidi ya mauaji ya halaiki walipita kitivo kimoja? Raphael Lemkin, baba wa Mkataba wa Mauaji ya Kimbari wa mwaka 1948, na Hersch Lauterpacht, aliyesaidia kuingiza "makosa dhidi ya ubinadamu" katika kesi za Nuremberg, wote walisomea sheria katika mji wa Lviv, ambao leo uko Ukraine.

Je, wajua kwamba hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari ilisomwa Arusha? Ilikuwa Septemba 2, 1998, dhidi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, Rwanda. Mashtaka ya awali hayakutaja ubakaji hata mara moja. Kesi ikiendelea, shahidi mwanamke aliulizwa swali lingine kabisa, naye akaeleza binti yake alivyotendewa. Kwenye benchi alikuwepo Jaji Navi Pillay wa Afrika Kusini. Majaji wakauliza zaidi, uchunguzi ukarudiwa, na mwaka 1997 hati ya mashtaka ikabadilishwa. Hukumu ikatamka kwamba ubakaji unaweza kuwa njia ya kutekeleza mauaji ya kimbari. Sheria ya dunia nzima ilisogea kwa sababu mama mmoja alisema na majaji wakamsikiliza. Kriminolojia ina tawi zima la kusikiliza waathirika, na Arusha ilionyesha thamani yake.

CHANZO KWANZA

Je, wajua kwamba vita vya mataifa vinaweza kuzaa wizi wa ng'ombe kijijini? Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, silaha zilizagaa na maisha yakawa magumu. Ujambazi na wizi wa mifugo vikashamiri Usukumani na Unyamwezini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanavijiji wa upande wa Kahama wakajipanga kwa pinde na mishale, wakawa Sungusungu, na mwizi akasakwa kijiji hadi kijiji. Wezi walipungua, lakini wapo waliopigwa na kudhulumiwa bila kesi, wakiwemo wanawake waliotuhumiwa uchawi. Hapo ndipo mwanafunzi anapaswa kuuliza: anayetulinda, nani anamdhibiti?

Je, wajua kinachomsukuma kijana hatua ya mwisho hadi ajiunge na kundi la kigaidi? Mwaka 2017 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa lilitoa utafiti uliowahoji Waafrika 495 waliojiunga kwa hiari. Asilimia 71 walitaja kitendo cha serikali, kikiwemo kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki. Isome tena namba hiyo. Operesheni iliyofanywa ovyo usiku mmoja inaweza kuwaandikishia magaidi wafuasi wapya kesho yake. Beccaria angeielewa mara moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wenyewe hapa ni dhuluma.

Je, wajua kwamba anayekutapeli mtandaoni anaweza kuwa mateka? Kwa miaka kadhaa sasa vijana wa Kenya, Uganda, Tanzania na Ethiopia wamedanganywa kwa ahadi za kazi Thailand, wakajikuta wamefungiwa kwenye majengo ya Myanmar wakilazimishwa kuwalaghai watu kwa simu na kompyuta. Juni 2023 Interpol ilitoa onyo la dunia nzima kuhusu biashara hiyo, na mapema mwaka 2025 maelfu walitolewa huko. Je, huyo kijana ni mhalifu au mwathirika? Sheria ya jinai inataka jibu moja. Anayezijua fani zote mbili anajua kwamba kabla ya kujibu ni lazima ujue mlango ulifungwa na nani.

DARASANI NA KAZINI

Je, wajua kwamba uhalifu mwingi haumo kwenye takwimu za polisi? Wengi hawaripoti kwa aibu, kwa hofu au kwa kukata tamaa, hasa kwenye ukatili wa majumbani na rushwa. Kwa hiyo wanafunzi hujifunza kuandaa dodoso la kuwauliza wananchi wenyewe yaliyowapata. Takwimu na mbinu za utafiti hazikwepeki, kwa hiyo anayekimbia hesabu ajue mapema.

Je, wajua kwamba hata nyumbani pana milango? Chuo Kikuu cha Egerton, Kenya, kina shahada ya kriminolojia na masomo ya usalama. Kurasini, Dar es Salaam, kipo Chuo cha Diplomasia kilichoanzishwa mwaka 1978 kwa makubaliano ya Tanzania na Msumbiji, ambacho leo kina jina la Dkt. Salim Ahmed Salim.

Je, wajua kwamba kazi zipo nje ya kituo cha polisi? Sekretarieti ya kundi la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika linalopambana na utakatishaji fedha, ESAAMLG, iko Dar es Salaam. Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya na Uhalifu ya kanda yetu iko Nairobi. Tanzania iliwekwa kwenye orodha ya nchi zinazochunguzwa kwa karibu na kikosi kazi cha kimataifa cha fedha, FATF, Oktoba 2022, ikatolewa Juni 2025. Kutoka kwenye orodha hiyo kulihitaji watu wanaoweza kusoma muamala wa benki na kuona uhalifu nyuma yake. Benki, bandari, kampuni za simu, hifadhi za wanyama na mashirika ya wakimbizi yanawatafuta watu hao hao.

Kwa hiyo ewe mwenye fomu mkononi, kabla hujalipa ada kiulize chuo maswali matatu. La kwanza, mnafundisha utafiti na takwimu, au ni historia za wahalifu maarufu tu? La pili, wanafunzi wenu huenda mahakamani, bandarini, magerezani, au wanaishia kwenye vitabu? La tatu ndilo zito: haki za binadamu na sheria ya ushahidi ni masomo ya lazima? Mtu aliyefunzwa kuwafuatilia watu, akapewa kompyuta na mamlaka, bila kufundishwa mahali pa kusimama, ni hatari kwa raia kama mhalifu anayemsaka. Chuo kisichokuwa na jibu la swali hilo, kikimbie.